Tumechoka Kuona Tumbo la Ndege

Wiki ya kabla ya Jamhuri Day unajua vile huwa. Jeshi la Wanahewa linafanya mazoezi ya kupita juu ya Nairobi na viunga vyake. Mngurumo unaanza kwa mbali, madirisha yanatetemeka, mbwa wanabweka, watoto wanatoka nje mbio, na kila msee mwenye simu anaielekeza juu. Sekunde tano, imepita. Jioni ukifungua TikTok, video ni mia na zote zinafanana: kitu kidogo cheusi, kelele kubwa, na mtu nyuma akiuliza, "Umeona hiyo?"

Tumeona. Tumeona tumbo la ndege. Na miaka yote hii hicho tu ndicho kijana wa Thika na Ruiru ameonyeshwa na Jeshi la Wanahewa: upande wa chini, kwa sekunde tano, kutoka mbali.

Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunirushia mawe kwa komenti. Sarakasi za angani ni sawa. Zifanywe, hata ziongezwe. Lakini onyesho linaloisha ndege ikitua, bila geti moja kufunguliwa kwa kijana mmoja, hilo ni onyesho la wageni waheshimiwa walioketi chini ya hema. Sisi tunalipa tu bili na kushika shingo.

Najua mtagawanyika mara mbili, kwa sababu kila mwaka mnagawanyika mara mbili. Kuna timu "mafuta hayo yangenunua dawa". Halafu kuna timu "wacheni wivu, jivunieni nchi yenu". Nyote wawili mna kaukweli kidogo, na nyote wawili mnakosea mahali pamoja. Tuanze na wa mafuta.

Ndege ya kivita si gari la harusi, eti unalitoa siku ya shughuli halafu unalifunika turubai. Rubani asiporuka anapoteza makali, na rubani aliyepoteza makali ni hatari kwake na kwa walio chini yake. Kuruka bawa kwa bawa na mwenzako, mita chache tu katikati yenu, halafu ufike juu ya jukwaa kwa sekunde ile ile mliyopangiwa, hayo ni mazoezi ya kazi. Ujuzi huo huo ndio unatumika vitani, kwa uokoaji na kwa usafirishaji. Kwa hivyo ukisema kila lita iliyochomwa siku ya sherehe imemwagwa bure, hujaelewa hiyo kazi.

Lakini timu mafuta wana swali moja ambalo halijajibiwa: ni pesa ngapi? Waingereza wana kikosi chao cha sarakasi za angani, Red Arrows, kilichoundwa 1964, mwaka ule ule Jeshi letu la Wanahewa lilianzishwa. Wabunge wao huwauliza mawaziri kuhusu gharama za Red Arrows, na mawaziri hulazimika kujibu kwa maandishi. Hakuna siri ya vita iliyovuja kwa sababu hiyo. Ukinificha bei ya kitu ambacho nimelipia mimi, usishangae nikikisia vibaya.

Sasa timu "jivunieni". Tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kuna jeraha.

Jeshi la Wanahewa la Kenya lilizaliwa Juni 1, 1964. Ndiyo, siku ya Madaraka. Wangeweza kukata keki kila mwaka tukiwa sote likizo. Lakini uliza guka wako Juni 1 ni nini, atakuambia Madaraka. Muulize Agosti 1 ni nini, atanyamaza kwanza.

Jumapili, Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wa Wanahewa, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka aliyekuwa askari wa cheo cha chini, walijaribu kuipindua serikali ya Moi. Wakateka redio. Marubani wa ndege za F-5 wakalazimishwa kwa mtutu wa bunduki waende kushambulia Nairobi. Na sikieni walichofanya: wakaenda kudondosha yale mabomu kwenye msitu wa Mlima Kenya. Mapinduzi yakazimwa na wanajeshi watiifu chini ya Mahmoud Mohamed, na Jeshi zima la Wanahewa likavunjwa. Likaundwa upya kwa jina la '82 Air Force, na jina la Kenya Air Force halikurudi mpaka 1994. Miaka 12 jeshi linatembea na jina linalomkumbusha kila mtu mwaka wa aibu.

Mimi naona hivi. Kitendo cha kizalendo kuliko vyote kilichowahi kufanywa na F-5 katika nchi hii hakikuwa na jukwaa, moshi wala mtangazaji. Kilikuwa ni rubani kukataa kuua raia. Ni wangapi kati yenu mlifundishwa hiyo shuleni? Tunaonyeshwa kelele, hatuonyeshwi hadithi. Halafu tunaambiwa tujivunie. Tujivunie nini, sauti?

Na usiniambie hayo ni ya wazee. Juni 25, 2024, siku waandamanaji waliingia Bunge, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alitoa ilani ya kuleta KDF kusaidia polisi. Chama cha Mawakili kikaenda kortini kupinga. Usiku huo huo hapa Githurai risasi zililia na watu hawakulala. Miezi mitano na nusu baadaye, Desemba 12, gwaride la Jamhuri likapigwa kama kawaida na sisi tukatarajiwa kupiga makofi kama kawaida. Kuna vijana walipiga. Kuna wengine walikunja mikono. Siwezi kumlaumu hata mmoja.

Ninachosema ni kwamba imani haijengwi kwa ndege kupita juu ya kichwa cha mtu. Inajengwa mkiwa chini, mtu na mtu, ukimtazama machoni na kumuuliza maswali. Timu "jivunieni" wanataka tuvuke hatua hiyo twende moja kwa moja kwa makofi. Haiwezekani, na si kwa sababu sisi ni wabaya.

Sasa tuulize swali ambalo timu zote mbili hazijawahi kuuliza. Hivi sarakasi za angani ni za nini hasa?

Nchi zinazozifanya kwa bidii zinajua jibu. Chukua hao hao Red Arrows. Kwa kawaida wanaruka ndege 9, aina ya Hawk, na ule moshi wa rangi unaouona kwa video ni dizeli inayomwagwa kwenye hewa moto ya injini ikageuka mvuke, na rangi ikiongezwa inatoka nyekundu au buluu. Lakini nyuma ya marubani hao 9 kuna kikosi kizima cha watu zaidi ya 100: mafundi wa injini, wa umeme, wa viti vya dharura, wa rangi, wa vifaa, wa picha. Mafundi kadhaa hukaa kiti cha nyuma ndege zikihama kutoka onyesho moja kwenda lingine, ili wakitua tu waanze kuzikagua. Na kabla ya onyesho au baada yake, marubani na mafundi hao hukutana na watoto. Wanajibu maswali, wanasaini picha, wanaeleza mtu anaanzia wapi akitaka kazi hiyo. Onyesho ni tangazo la kazi. Mtoto anapewa ndoto, halafu anapewa anwani ya kuipeleka hiyo ndoto.

Nao si malaika. Mwaka 2023 jeshi lao lilichapisha ripoti iliyoonyesha tabia mbaya ndani ya Red Arrows, hasa vile wanawake walikuwa wanatendewa, na mkuu wa jeshi akaomba msamaha hadharani. Naileta hapa makusudi. Kikosi kilicho karibu na watu, watu wakigundua uchafu wanaudai usafishwe. Kikosi kilicho mbali, uchafu wake unazeeka nao.

Na kabla mtu aniambie hizo ni habari za Wazungu wenye pesa: Kenya ilikuwa na Hawk. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulinunua 12, tukiwa miongoni mwa nchi za kwanza nje ya Uingereza kuzinunua, karibu wakati ule ule Red Arrows walianza kuzitumia. Aina ile ile ya ndege. Wao bado wanaisimulia, sisi zetu zilistaafu kimya kimya hata hamkujua zilikuwepo. F-5 nazo zilianza kufika 1978, na baadaye tukaongeza za mitumba kutoka Jordan. Enyewe ukitaka kujua vile mafundi wetu ni wakali, fikiria hiyo: ndege iliyofika kabla mamako azaliwe, au akiwa mtoto mdogo, bado inapita juu yako ikiunguruma. Kuna mtu anaamka alfajiri kule Nanyuki kuhakikisha hiyo kitu iko sawa. Jina lake hulijui. Uso wake hujawahi kuuona. Na huyo kwangu ndiye nyota wa onyesho.

Twende Afrika Kusini. Wana kikosi kinaitwa Silver Falcons, ndege tano tu, tena za mafunzo zenye panga mbele, Pilatus PC-7. Bajeti imewasumbua sana. Lakini kila baada ya miaka miwili kuna maonyesho makubwa pale Waterkloof, kambi ya jeshi lao la anga karibu na Pretoria, na siku za mwisho geti linafunguliwa kwa umma. Raia anaingia kambini. Kuna hata mpango maalum wa kuleta wanafunzi waone kazi za ufundi na urubani. Waterkloof si uwanja wa maonyesho ya kilimo, ni kambi ya kijeshi inayofanya kazi. Na Afrika Kusini bado ipo, haijaibwa.

Sisi tumejaribu? Tumejaribu, lazima niwe mkweli. Mei 28, 2022, KDF iliandaa onyesho kubwa la ndege pale Uhuru Gardens, na 2024 likarudi. Watu wakajaa. Familia zikaenda na watoto, na kwa mara ya kwanza Wakenya wengi wakaona kwamba ndege ya jeshi ina ngazi, kiti na mtu ndani yake. Hiyo ilikuwa hatua nzuri, na aliyeitoa wazo anastahili shukrani. Lakini ni Lang'ata. Kijana wa Kiandutu apande mat mpaka tao, abadilishe, apande nyingine, alipe na chakula. Kwa familia ya watu watano hiyo ni bajeti ya wiki. Tena ni siku moja tu, na ikiisha unarudi kusubiri kelele ya Desemba.

Sasa angalia ramani unielewe kwa nini nasema Thika na Ruiru, na si kwamba napendelea kwetu. F-5 zinaishi Laikipia Air Base, Nanyuki. Chora mstari ulionyooka kutoka Nanyuki mpaka Nairobi: ni kama kilomita 145, na unapita magharibi mwa Thika. Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa, safari hiyo yote ni dakika kumi hivi. Kutoka Thika mpaka Ruiru ni dakika moja na kitu. Hujamaliza kufungua kamera.

Na huku kwetu chini kuna nini? Kuna Thika Technical, ambapo watu wanajifunza kuchomelea na kufunga mitambo. Kuna JKUAT pale Juja, inayotoa wahandisi kila mwaka. Kuna MKU. Kuna viwanda vya Thika vyenye mafundi wanaoelewa mashine kwa kusikiliza tu sauti. Kuna gereji za Ruiru ambapo kijana wa miaka 19 anafungua injini ya mathree usiku na asubuhi inabeba abiria. Kuna kambi ya wahandisi wa jeshi, 12 Engineers, hapo hapo Thika, na kuna Kahawa Garrison ukishuka kidogo na Superhighway. Kwa hivyo jeshi si wageni kwetu. Ni majirani. Na jirani anayepita tu akipiga honi, miaka nenda miaka rudi, bila kusimama kusalimia, mtaani tunamwitaje?

Ujuzi wa kutunza ndege hauanguki kutoka mbinguni. Unaanza na yule kijana wa gereji. Tofauti yake na fundi wa Nanyuki ni mafunzo, na kabla ya mafunzo ni kujua kwamba njia ipo. Uliza darasa lolote la Form Four hapa Ruiru: mtu anaingiaje Jeshi la Wanahewa kama fundi? Watakutajia "connection". Watakutajia mjomba wa mtu. Watakutajia bei.

Na hapo ndipo ukimya unageuka kuwa biashara. Kila msimu wa usajili KDF yenyewe hutangaza kwamba usajili ni bure na kuonya watu dhidi ya matapeli. Na bado, mara kwa mara, vijana wamefika kwenye mafunzo kule Eldoret na barua feki mkononi. Fikiria hiyo safari. Mathe ameuza ng'ombe au kipande cha shamba, kanisa limechanga, kijana ameagwa kwa maombi, amefika getini na sanduku jipya, halafu anaambiwa barua yake ni karatasi. Wengine wanaishia kukamatwa wao. Tapeli yuko wapi? Amezima simu.

Mnajua tapeli anauza nini? Anauza mlango. Anaweza kuuza mlango kwa sababu hakuna aliyewahi kutuonyesha mlango halisi uko wapi na unafunguliwaje. Kama kila kijana wa kaunti hii angekuwa amewahi kukaa na fundi wa jeshi nusu saa, akaambiwa kwa mdomo: kuruti wa kawaida ni kati ya miaka 18 na 26, na D+ inatosha, maofisa wanaanzia Lanet, mafundi wenye vyeti wana nafasi zao, na hakuna hatua hata moja ambayo unalipa, basi yule tapeli angekufa njaa. Kwa hivyo mtu akiniambia siku ya wazi ni anasa, namwambia ukimya ndio ghali. Tunaulipia na ng'ombe.

Wasichana nao nisiwaache nyuma. Mei 2024 Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa kuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza kuongoza tawi lolote la KDF. Hiyo ni historia, na ilipita kwa habari siku mbili tukarudi kwa mambo ya mapenzi ya wasanii. Msichana mmoja wa Gatundu Road akikutana na mwanajeshi wa kike mwenye sare na spana mkononi, dakika tano, atakumbuka miaka ishirini. Ndege ikipita juu yake atakumbuka mpaka chakula cha jioni.

Najua kuna watakaoruka na neno "usalama". Hilo neno nchi hii linafunga kila mjadala kama kufuli. Sawa, tuongee usalama. Hakuna anayeomba kuona chumba cha rada. Hakuna anayetaka kujua mabomu yamehifadhiwa wapi. Tunaomba ndege moja au mbili zilizoegeshwa, injini moja mezani, marubani wawili, mafundi kumi na kamba ya kuonyesha mwisho wa kutembea. Waterkloof wanafanya. Sisi wenyewe tulifanya Uhuru Gardens. Kama tuliweza kwa wikendi moja Lang'ata, basi shida si usalama. Shida ni kwamba hakuna aliyetuweka kwa orodha.

Na kwa timu mafuta, hii ni yenu: ndege iliyoegeshwa haichomi hata kijiko cha mafuta.

Kuna usalama mwingine ambao ndio ningependa tuongee zaidi: wetu sisi tulio chini. Agosti 22, 2015, kule Shoreham, Uingereza, ndege ya zamani ya kivita aina ya Hawker Hunter ilikuwa inafanya sarakasi kwenye onyesho, ikakosa urefu wa kutosha na kuanguka kwenye barabara kuu. Watu 11 walikufa. Hawakuwa wamekaa kwa viti vya onyesho, walikuwa nje ya uwanja, wengi wao wakipita tu na shughuli zao. Baada ya hapo sheria za maonyesho zikakazwa. Sisi tuna barabara ya njia nane inayojaa magari kutoka alfajiri, na mitaa iliyobanana kuanzia Githurai mpaka Kimbo. Kupita juu yetu kwa mstari ulionyooka ni jambo moja. Mizunguko na kupinduka ni jambo lingine, na ikifanywa, ifanywe mahali pasipo na watu chini. Sisemi haifuatwi. Nasema tuna haki ya kuambiwa inafuatwa vipi.

Sasa tusiishie kulalamika. Nataka vitu vinne.

Kwanza, siku ya wazi kila mwaka Moi Air Base, Eastleigh. Hapo ndipo palikuwa uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi kabla Embakasi ifunguliwe 1958, kwa hivyo hapo raia ameshaingia zamani sana, hatuanzishi kitu kigeni. Kutoka Ruiru ni karibu. Shule zipewe nafasi kwa zamu, na za umma zitangulie.

Pili, jeshi lije kwetu. Sherehe za kitaifa siku hizi zinazunguka kaunti, Madaraka imefanyika Embu, Bungoma, Homa Bay, na vifaa vinahamishwa bila mtu kulia. Basi fundi na injini vinaweza kufika Thika Technical na JKUAT. Wiki ile ile ya mazoezi ya Desemba, ndege zikiwa juu, watu wa jeshi wawe chini. Kelele iwe na maelezo.

Tatu, gharama ya maonyesho ya sherehe za kitaifa itangazwe: saa za kuruka, mafuta, shilingi. Ikiwa ni ndogo, timu mafuta watanyamaza. Ikiwa ni kubwa, tutajua ni kubwa kiasi gani na tuamue kama taifa.

Nne, maelezo ya usajili yafike kila shule ya sekondari kabla ya msimu, kwa Kiswahili, yakisomwa na mtu wa jeshi mwenyewe, ili kila mzazi asikie kwa masikio yake kwamba hakuna senti.

Na kuna kitu unaweza kufanya wiki hii, hata kama huna mjomba popote. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema unaweza kuandika ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Wakikataa lazima wakupe sababu, na unaweza kuipeleka kwa Ombudsman. Kweli, sheria hiyo inaruhusu kuficha mambo ya usalama wa taifa. Lakini ratiba ya siku ya wazi si siri ya taifa. Idadi ya shule za Kiambu zilizotembelewa si siri ya taifa. Waulize hayo mawili kwanza: mwaka uliopita mlitembelea shule ngapi za Thika na Ruiru, na mwaka huu mmepanga ngapi? Barua moja wataiweka chini ya glasi ya chai. Barua mia nne kutoka msimbo mmoja wa posta haziwezi kukaa chini ya glasi.

Kwa watu wa jeshi mnaosoma hii, na najua mko, kwa sababu mnanitumiaga DM mkirekebisha majina ya ndege: hakuna anayewachukia. Aprili 18, 2024, Jenerali Francis Ogolla, aliyeanza kama rubani wa F-5, alipokufa na wenzake tisa kwenye ajali ya helikopta kule Elgeyo Marakwet, mtaa huu ulinyamaza. Vijana wale wale mnaowaona watundu walibadilisha picha zao za WhatsApp wakaweka mshumaa. Tunajua kazi yenu inaua. Tunachoomba ni tuwajue mkiwa hai.

Desemba mtapita tena juu ya Superhighway, dakika moja na kitu kutoka Thika mpaka Ruiru. Piteni, simu tutaziinua. Lakini mkishatua, tumeni mtu mmoja mwenye mafuta ya injini kwenye vidole arudi huku na mat kama sisi wote. Nauli tutamchangia.